Mchezaji wa Mpira Aliyekuwa Jaji: Tujifunze Nini?



Katika ziara zetu swali moja limekuwa likirudi. Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi chake, alilitoa hivi: "Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Sasa anasema masomo ni kupoteza wakati, ati yeye atacheza mpira wa kulipwa. Nimwambie nini?" Wenzake wakacheka kidogo, lakini yeye hakucheka. Karo ya muhula ule ilitoka kwa mchango wa kikundi, na kijana alikuwa ameanza kukosa darasani kwa sababu ya mazoezi. Pesa ya watu ilikuwa inapotea.

Hatukumjibu siku hiyo kwa maneno mengi. Tuliahidi kuandika. Badala ya kuhubiri tu, tumechagua kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye alicheza mpira wa kulipwa kwa miaka 15, akafika juu kabisa, halafu akawa wakili na mwisho jaji. Jina lake ni Alan Page, Mmarekani mweusi. Tusikilize jinsi alivyofanya, hatua kwa hatua, kwa maana hatua zenyewe ndizo zenye faida kwetu.

Mpira gani huo?

Kwanza tuelewane. Mpira wa Kimarekani si kandanda yetu. Mpira wenyewe ni mrefu kama yai, na hushikwa kwa mikono. Kila timu ina watu 11 uwanjani, wamevaa kofia ngumu na mavazi ya kukinga mabega. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kuusogeza mbele kiasi cha mita 9. Ikishindwa, huuachia upande wa pili. Walinzi kazi yao ni kumwangusha aliyebeba mpira, na kumfikia mrushaji kabla hajaurusha. Page alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele, mahali pa kugongana kila dakika. Ni mchezo wa kuumiza mwili. Magoti, mabega na vidole huvunjika, na wengi huacha wakiwa bado vijana.

Mtoto wa mji wa chuma

Page alizaliwa mwaka 1945 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio. Wanaume wengi wa huko walifanya kazi katika viwanda vya chuma. Ni kazi ya joto, uchafu na hatari, na ya kurudia jambo moja kila siku. Mtoto Alan aliitazama akajua haitaki. Mwaka 1954, alipokuwa na miaka 8, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ni kinyume cha katiba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hukumu ile ilimwonyesha nguvu ya sheria. Akaanza kutamani kuwa wakili. Kumbe ndoto ya sheria ilitangulia ndoto ya mpira!

Alisoma sekondari ya Kikatoliki mjini humo. Kabla ya kwenda chuo kikuu alifanya kibarua katika mjengo wa jumba la kumbukumbu la wachezaji mashuhuri wa mpira huo, ambalo lilikuwa linajengwa Canton na likafunguliwa mwaka 1963. Mlikumbuke jumba hilo, maana tutalirudia.

Mpira ulimfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambacho pia ni cha Kikatoliki. Mwaka 1966 timu ya chuo ilikuwa bingwa wa vyuo vya nchi nzima. Mwaka 1967 alimaliza shahada yake ya mambo ya siasa. Hapo tuweke alama. Hakukiacha chuo kwa sababu ya mpira. Alimaliza, akachukua cheti, ndipo akaenda kulipwa.

Kufaulu uwanjani, kushindwa darasani

Timu ya Minnesota Vikings ilimchukua mwaka huo wa 1967, na huko akawa nguzo ya ulinzi. Mwaka 1971 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Ilikuwa mara ya kwanza mlinzi kupewa heshima hiyo, kwa sababu kwa kawaida huenda kwa washambuliaji. Tangu aanze hadi alipostaafu mwaka 1981, timu zake zilicheza mechi 218 za msimu wa kawaida, na hakukosa hata moja.

Je, alishinda kila kitu? La. Vikings walifika fainali ya ligi mara nne wakati wake, na mara zote nne walishindwa. Tunalitaja hili makusudi. Mtu anaweza kuwa bora kabisa na bado kikombe kisije. Sasa fikirini kijana ambaye tumaini lake lote liko kwenye kikombe.

Na kwa upande wa masomo je? Miaka ya mwanzo ya uchezaji wake alijiandikisha katika chuo kimoja cha sheria huko Minnesota. Hakudumu. Baada ya wiki chache aliacha. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, naye hakuwa tayari. Wengi wetu tungeishia hapo na kusema, "Nilijaribu, sheria si yangu." Page alikaa miaka kadhaa bila kurudi. Lakini ndoto haikufa.

Chama cha wafanyakazi kilimrudisha

Kilichomrudisha ni jambo ambalo nyinyi wa vikundi mtalielewa vizuri: umoja. Wachezaji walikuwa na chama chao cha kutetea haki, na Page alikuwa mwakilishi wa wenzake. Mwaka 1974 walifanya mgomo.

Walikuwa wakilalamikia nini? Mojawapo ni sheria hii ya ligi. Mchezaji aliyemaliza mkataba wake akitaka kwenda timu nyingine, timu ile mpya ilipaswa kuilipa fidia timu ya zamani. Wasipoelewana, mkuu wa ligi ndiye aliyeamua fidia iwe nini. Basi timu ziliogopa kuwachukua wachezaji. Mkataba umekwisha, lakini mtu bado amefungwa kama ng'ombe kwenye kamba! Wachezaji walikwenda mahakamani, na mwaka 1976 mahakama ya rufani ilikubali kwamba sheria hiyo, jinsi ilivyotumika, ilivunja sheria za nchi za ushindani wa biashara.

Katika shughuli za chama Page alikaa karibu na mawakili. Akawaona wakifanya kazi, wakisoma mikataba, wakijadiliana na matajiri wa timu. Akaona ni watu kama yeye, na kwamba kazi yao anaweza kuifanya.

Kusoma huku mpira ukiendelea

Mwaka 1975 aliingia Chuo Kikuu cha Minnesota kusoma sheria. Kwa utaratibu wa Marekani, mtu humaliza kwanza shahada ya kawaida ya miaka minne, kisha miaka mitatu ya sheria, kisha mtihani wa uwakili. Ile shahada ya 1967 sasa ikafanya kazi. Angekuwa aliacha chuo ili akimbilie pesa, mlango huu ungekuwa umefungwa.

Tazameni hesabu ya miaka. Mwaka 1975 alikuwa na umri wa miaka 30, bado mchezaji wa kuogopwa, bado analipwa. Hakungoja mguu uvunjike. Mazoezi, safari za mechi na vitabu vya sheria vilikwenda pamoja. Alimaliza mwaka 1978.

Mwaka huo huo timu yake ikamwachilia. Page alikuwa ameanza kupenda mbio ndefu. Mkewe Diane alianza kukimbia ili aache sigara, naye akamfuata. Mwili ukapungua, na wakubwa wa timu wakaona hafai tena kwa nafasi yake. Timu ya Chicago Bears ikamchukua, akacheza huko hadi mwisho wa msimu wa 1981. Lakini tuone tofauti. Mtu mwingine akiachwa na timu akiwa na miaka 33 hurudi nyumbani akiwa amevunjika moyo. Page aliachwa akiwa na shahada ya sheria mkononi. Mwaka 1979 alianza kazi katika kampuni ya mawakili mjini Minneapolis, na huku bado anacheza. Siku alipovua kofia ya mchezo kwa mara ya mwisho, kazi ya pili ilikuwa imeshaota mizizi.

Mkulima anaelewa jambo hili. Hungoji mahindi yaishe ghalani ndipo upande mengine.

Siku ya kusoma kwa sauti

Kuna kisa kimoja ambacho Page amekisimulia mwenyewe, na sisi kimetugusa kuliko vikombe. Siku moja wakati wa uchezaji wake, mwalimu wa timu aliwaketisha walinzi, akawaambia wasome kwa sauti, kila mtu kwa zamu, kitabu cha mbinu za mchezo. Wachache walisoma vizuri. Wengine walisoma kwa kukwama neno kwa neno. Na wengine hawakuweza kabisa.

Jamani, hawa ni watu waliopita shule ya msingi, sekondari na hata chuo kikuu. Waliwezaje kufika huko bila kusoma? Page aliona ni kwa sababu walijua kucheza. Kila mwalimu aliwasogeza mbele ili timu isimpoteze mchezaji. Walishangiliwa, wakapewa alama, na hakuna aliyewapenda vya kutosha kuwaambia ukweli. Page alielewa kwamba tatizo lile halikuanza kwenye timu. Lilianza darasa la kwanza na la pili, pale mtoto alipoachwa nyuma na watu wakanyamaza.

Wazazi na wanakamati wa shule, hapa tujiulize bila kuoneana haya. Mwanafunzi anayeletea shule kikombe, je, tunakagua daftari lake? Ama tunamwacha tu kwa sababu anatupa furaha siku ya mechi?

Mlango wa mahakama

Mwaka 1985 Page aliacha kampuni ya mawakili akaingia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Minnesota, na huko akafanya kazi hadi alipopata ujaji. Hakuna wa kumshangilia pale. Ni mafaili, barua na kesi. Mtu aliyekuwa bora wa ligi nzima alikubali kujifunza kazi upya kama mgeni.

Baadaye akataka kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota. Huko majaji saba wa mahakama hiyo hupigiwa kura na wananchi, kwa kipindi cha miaka 6. Mwaka 1992 nafasi moja ilikuwa ipigiwe kura, lakini gavana akamwongezea jaji aliyekuwepo muda ili afikie haki yake ya pensheni. Kwa hiyo kusingekuwa na uchaguzi wa nafasi hiyo. Page hakupiga kelele barabarani. Alipeleka kesi mahakamani. Majaji wa mahakama ile wakajitoa, kwa maana kesi ilimhusu mwenzao, na majaji wengine wakakaa badala yao. Wakaamua kwamba uchaguzi lazima ufanywe. Ukafanywa, Page akashinda, na mwezi wa Januari 1993 akaanza kazi. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukaa katika mahakama hiyo.

Mwone yule mtoto wa miaka 8 aliyeamini sheria ina nguvu. Mlango ulipofungwa mbele yake, aliufungua kwa sheria hiyo hiyo.

Wananchi walimrudisha mwaka 1998, 2004 na 2010. Mwaka 2015 alistaafu kwa sababu alitimiza miaka 70, kama sheria ya jimbo lile inavyotaka. Hapa kwetu Kenya majaji hawapigiwi kura. Chini ya Katiba ya 2010 hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama na kuteuliwa na Rais. Lakini umri wa mwisho ni ule ule, miaka 70. Sasa linganisheni: kazi ya miguu ilikwisha akiwa na miaka 36, kazi ya kichwa ilimfikisha 70.

Basari yenye kurudisha

Mwaka 1988 Page aliingizwa katika lile jumba la kumbukumbu la Canton, lile alilofanyia kibarua akiwa kijana. Kwa desturi, mchezaji huchagua mtu wa kumtambulisha siku hiyo, na wengi huchagua kocha wao. Yeye alimchagua mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari ya Minneapolis. Na katika hotuba yake alizungumza juu ya elimu.

Mwaka huo huo yeye na Diane walianzisha mfuko wa basari, Page Education Foundation, wa kuwasaidia vijana wa Minnesota kutoka jamii za watu weusi na wengine waliobaguliwa wasome vyuoni. Kwa miaka iliyofuata maelfu ya wanafunzi walisaidiwa. Lakini ilikuwa na sharti moja. Aliyepewa pesa hakuambiwa "ahsante, nenda." Alitakiwa kila mwaka atoe saa zake kukaa na watoto wadogo shuleni, kuwafundisha kusoma, kuwasaidia kazi ya nyumbani, kuwa mfano kwao. Yaani msaada uliingia kwa kijana mmoja ukatoka kwa watoto kadhaa. Mtoto akimwona kijana wa mtaa wake anasoma chuo, naye huamini kwamba inawezekana.

Diane alifariki mwaka 2018. Mwezi wa Novemba mwaka huo Page alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais, heshima kubwa kuliko zote anayoweza kupewa raia wa Marekani.

Vikundi vyetu vifanye nini?

Tumrudie yule mama. Hatumwambii amkataze mwanawe mpira. Kipaji ni cha Mungu, na Page asingefika Notre Dame bila mpira. Pia hatumdanganyi kwamba kila mchezaji atakuwa jaji. Tunasema hivi: mpira uwe ngazi, usiwe nyumba. Mambo manne tunapendekeza kwa vikundi.

Kwanza, cheti kitangulie. Kijana acheze, lakini amalize kidato cha nne. Mzazi, mwalimu na kocha wakae pamoja mapema wakubaliane saa za mazoezi na saa za vitabu. Kocha asiyetaka kuja kwenye kikao hicho, mjihadhari naye.

Pili, mkataba usomwe. Klabu ikimwita kijana, msitie sahihi kwa furaha. Mjue ni wa muda gani, analipwa nini, akiumia nani anatibu, na akitaka kuondoka anaondokaje. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, asiachwe peke yake na karatasi. Msipoelewa, ileteni kwa wakili, au anzeni kwa ofisi ya Haki na Amani ya parokia wawaelekeze.

Tatu, kazi ya pili ianzwe kabla ya ya kwanza kwisha. Si lazima iwe sheria. Anayetaka sheria ajue njia ni ndefu: shahada ya sheria, kisha Chuo cha Sheria cha Kenya, kufunzwa kazi chini ya wakili mwenye uzoefu, na mitihani. Lakini inaweza kuwa useremala, ukulima wa kisasa, uashi au ualimu. Hata sisi wenye kazi za mwili, wapasuaji mawe na wachimba visima, tujiulize mgongo utabeba mpaka lini.

Nne, basari ya kikundi irudishwe kwa kazi. Wengi wenu mnachangia karo. Ni vyema sana. Basi yule anayesaidiwa akija likizo, akae na watoto wa msingi mara mbili kwa wiki, awasikilize wakisoma kwa sauti. Haihitaji pesa. Inahitaji benchi, kitabu na mti wa kivuli. Na yule asiyeweza kusoma atajulikana mapema, akiwa bado darasa la pili, si akiwa mtu mzima mbele ya kocha.

Yule mama tulimpelekea nakala ya kwanza ya makala haya aisome pamoja na mwanawe. Akaturudishia neno moja: atamwomba kijana aisome yeye, kwa sauti, mbele ya kikundi. Tunaona hapo ameshatupita.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni vijana wangapi wameacha shule kwa ajili ya mpira au kazi ya haraka? Wako wapi leo?
2. Page alishindwa mara ya kwanza katika sheria, akarudi baada ya miaka kadhaa. Ni mradi gani wa kikundi chetu tuliouacha ambao ungefaa kujaribiwa tena?
3. Kila mwanakikundi aseme: kazi ninayofanya sasa ikikoma kesho, nina nini kingine mkononi?
4. Tukitoa karo, anayepewa arudishe namna gani? Kubalianeni, mwandike katika kitabu cha kikundi, na mweke tarehe ya kuanza.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na ya vichwa vya watoto wenu.